Mark X 2.5: sura ya mbio, na injini je?

Wafanyabiashara wenzangu, kila nikiposti kuhusu usafiri, inbox inajaa swali moja: "Admin, Mark X ya 2.5 ni gari kweli au inauza sura tu?" Leo nasema ninavyoona, ruksa kunipinga.

Naongelea ile iliyoanza kutoka 2009. Toleo la chini, 250G, lina silinda 6, cc 2500, nguvu za farasi 203. Kaka yake wa cc 3500 ana 318. Wengine wanaidharau ya 2.5 eti ni ya kujionyesha. Hapana. Ukiwa njia ya Mtumba na mzigo kwenye buti, lori mbele, unalipita bila kusali. Sura haijadanganya.

Wanaodanganya ni watu. Mtu anabandika nembo ya 350 na bampa za urembo, bei inapanda. Usisome nembo, soma chesesi: GRX130 na GRX135 ni cc 2500, GRX133 ndiyo 3500.

Halafu kuna sisi tunaojidanganya wenyewe. Wateja wako wapo Nkuhungu, Ipagala, Kisasa. Huko ni kusimama na kuondoka, vumbi na makorongo. Gari liko chini, linakwangua. Farasi 203 hawakimbii popote, ila wanakula, na Dodoma mafuta ni ghali kuliko Dar. Kuliagiza nako, ushuru wa cc 2500 uko juu kuliko wa gari la chini ya cc 2000.

Kabla hujagusa mtaji, fanya hivi: andika kilomita za oda zako za wiki moja. Gawanya kwa 8, maana mjini mimi naihesabia kilomita 8 kwa lita. Zidisha kwa bei ya mafuta, kisha linganisha na ulichowalipa boda wiki hiyo. Na hapo hujaweka tairi, sevisi wala bima. Boda akiwa nafuu, hilo ni gari la starehe. Si dhambi, ila starehe inunuliwe kwa faida, siyo kwa hela ya stoki.

Sisi tunauza kwa picha, tunajua: picha inamleta mteja mara ya kwanza, anarudi kwa sababu mzigo ulifika kwa wakati. Hajali umeshuka kwenye nini.

Mwenye Mark X anayepelekea oda, weka hesabu zako hapa chini tujifunze.