Gari la Marehemu Baba Juu ya Mshikaki

Mwezi uliopita nilipanda Nakuru kulitazama gari la marehemu baba, Peugeot 404 aliyoinunua mwaka 1969, nikalikuta limetungwa kama mshikaki. Halina injini, halina milango, halina vioo wala magurudumu. Mbele limeshikwa na nguzo ya chuma, nyuma nguzo nyingine, na baina yake bodi nzima inaning'inia. Fundi alilisukuma kwa mkono mmoja, likageuka ubavu, kisha likalala chali hewani, tumbo juu. Nilishikwa na haya, kama mtu aliyemfumania mzee wake bila nguo.

Haya hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu, maana tumbo lile lilikuwa limeoza.

404 haina chasisi ya peke yake kama Land Rover ya zamani. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo, na nguvu zake zimo katika masanduku ya bati yaliyo chini ya milango, huku na huku. Yakiliwa na kutu, gari hulegea kidogo kidogo, milango ikakataa kufunga, na siku ya ajali aliyemo ndani hana kinga. Gari letu lilikaa Mombasa zaidi ya miaka 30 katika upepo wa chumvi. Miaka sita iliyopita tulilipeleka gereji moja, jina nalihifadhi, likarudi linang'aa kama sinia ya Idi. Huko Nakuru lilipogeuzwa na kukwanguliwa, palitoka puti, magazeti yaliyokunjwa, na vipande vya mabati ya kuezekea, vyote vimefunikwa rangi nyeusi. Na humo tulikuwa tukipakia watoto wa shule!

Mtu ataniuliza, kwani Mombasa hakuna mafundi? Wapo, tena hodari. Lakini kule Bonde la Ufa magari haya yana historia yake. Mashindano ya Safari yalikuwa yakipita huko. 404 ilishinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili za katikati dereva alikuwa Bert Shankland wa Tanzania. Mwaka 1963 na 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Tangu 2021 Safari imerudi katika mashindano ya dunia, na vumbi lake linatimka Naivasha na Elementaita.

Sasa kuhusu huo mshikaki. Kabla ya kukata hata kipande kimoja, fundi alichomelea vyuma vya kukingama katika nafasi za milango, akapima kwa utepe pembe kwa pembe. Ukikata kwanza, bodi hujipinda, na utakuja kujenga gari la mshazari. Kisha akatafuta mizani. Mhimili ukipita chini ya kiini cha uzito, gari hupinduka ghafla na kumvunja mtu mkono. Ukipita juu mno, halikubali kugeuka. Mara tatu alilipandisha na kulishusha mbele ya macho yangu, bila ya kuchoka. Nilipomwuliza kwa nini asilitie jeki tu akalala chini yake, alicheka. "Mzee, cheche zinaanguka usoni, na chuma kilichoyeyuka kinadondoka badala ya kushika."

Sisi watu wa pwani mambo haya si mageni kwetu. Jahazi hupandishwa pwani wakati wa bamvua, maji yakikupwa likalazwa ubavu, likakwanguliwa, likakalafatiwa, likapakwa shahamu na chokaa. Nahodha gani atapaka rangi juu na kuuacha mkuku unaliwa na fukusi? Basi kwa nini kwenye gari tunaridhika na mng'aro wa boneti?

Tena wako wanaouza. Magari ya zamani siku hizi yana bei, na mnunuzi mgeni haoni ila rangi. Waislamu tunaijua habari ya Mtume (S.A.W.) alivyopita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta umaji chini. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa mbona hakuiweka iliyolowa juu watu waione, na akaambiwa kwamba mdanganyifu si mwenzetu. Mimi sioni tofauti ya nafaka ile na puti iliyojazwa magazeti. Rai yangu ni kwamba anayeuza gari lililofufuliwa aonyeshe picha za tumbo lake kabla ya kupakwa rangi, na asiyekuwa nazo tumwache na gari lake.

Mdogo wangu hakubaliani nami. "Kaka, hii ni israfu," aliniambia kwa simu. "Liuzwe vyuma chakavu, tugawane." Hajakosea kabisa. Fedha zinazoingia kule zingenunua pikipiki mbili, na gari ni la urithi, si langu peke yangu. Nilimjibu kwamba fungu lake nitamlipa. Israfu kubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa ile ya miaka sita iliyopita, tuliponunua rangi tukidhani tumenunua gari.

Nilipokuwa naaga, fundi aliniuliza juu tupake rangi gani. Nikamwambia hilo tutazungumza baada ya Ramadhani. Kwanza aniletee picha za chini, na moja ampelekee mdogo wangu.