Kahawa ya Igamba ina bei, maji yake hayana hesabu

BEI ya kahawa aina ya arabika katika soko la New York ilivuka dola 4 za Marekani kwa ratili mwezi Februari 2025, kiwango ambacho soko hilo halikuwahi kukifikia huko nyuma. Sababu kubwa iliyotajwa ni ukame nchini Brazil na hofu ya wanunuzi kwamba akiba iliyomo maghalani ni ndogo. Mwishoni mwa mwaka 2001 ratili hiyo hiyo iliuzwa chini ya senti 50, na mkulima aliyepalilia mibuni wakati ule alifanya hivyo kwa mazoea tu, si kwa faida.

Kwa mji kama Igamba, wilayani Mbozi, habari za New York si habari za ng'ambo. Bei ikipanda huko, mabati, saruji na pikipiki hununuliwa huku. Vyumba vya biashara huongezeka kando ya barabara, nyumba za kulala wageni hufunguliwa, na mama lishe huongeza sufuria. Mbozi ni uwanda wa juu wenye mvua za kutosha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na udongo wake umeifanya wilaya hiyo kuwa moja ya nguzo za kahawa katika Nyanda za Juu Kusini, mbali na mahindi na maharage yanayopelekwa Mlowo kwenye reli ya TAZARA na barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia.

Lakini kuna jambo moja ambalo ripoti za soko huwa hazilitaji. Kahawa ya Mbozi huchumwa wakati wa kiangazi, kati ya mwezi Mei au Juni na Oktoba. Huo ndio wakati chemchemi zinapopungua. Ndio wakati pia mitambo ya kumenya kahawa mbivu inapohitaji maji kwa wingi, na ndio wakati mji unapojaa wanunuzi, madereva, vibarua na wateja wenye fedha mkononi. Kwa maneno mengine, mahitaji ya maji yanafika kileleni katika miezi ile ile ambayo maji yenyewe yako chini kabisa. Mfanyabiashara yeyote wa duka anajua la kufanya iwapo bidhaa yake inaadimika kila mwaka mwezi ule ule: anaweka akiba mapema. Katika maji hakuna anayeweka akiba, kwa sababu hakuna mtu mmoja anayeshika hesabu yote.

Hesabu hiyo imegawanyika hivi. Halmashauri ya Wilaya ya Mbozi, yenye makao yake Vwawa, ndiyo inayotoza ushuru wa mazao, ushuru wa soko na ada nyingine za biashara. Sheria ya Fedha ya mwaka 2017 ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na anayelipa ni mnunuzi. Kahawa ya shilingi milioni 1 huiletea halmashauri shilingi 30,000. Halmashauri hiyo hiyo ndiyo inayopanga matumizi ya ardhi, inayopima viwanja na inayoamua soko au stendi ijengwe wapi.

Maji ni kitabu kingine. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanza kazi Julai 1, 2019. Mhandisi wa maji wa wilaya, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtumishi wa halmashauri na kutoa taarifa kwa mkurugenzi, alihamia kwenye wakala ulio chini ya Wizara ya Maji. Chini ya RUWASA viko vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, ambavyo ndivyo vinavyoendesha miradi na kukusanya malipo ya ndoo kwa ndoo.

Mabadiliko hayo yalikuwa na sababu nzuri. Chini ya utaratibu wa zamani, miradi mingi ilijengwa kwa fedha nyingi ikatoa maji wiki chache, na lawama zikazunguka kati ya wizara, ofisi ya mkoa na halmashauri bila ya mtu kuwajibishwa. Sasa angalau mwenye mradi anajulikana. Madiwani, hata hivyo, wamebaki na lawama za wapiga kura bila kuwa na mamlaka juu ya mhandisi, na katika mabaraza mengi nchini malalamiko hayo yamekuwa wimbo wa kila robo mwaka.

Kasoro inayohusu biashara ni tofauti kidogo, nayo haizungumzwi sana. Halmashauri inaukuza mji bila kumuuliza mwenye maji, na mwenye maji anapanga mabomba kwa kufuata vijiji bila kuulizia mji unakokwenda. Kipimo cha vijijini kilichowekwa na Sera ya Maji ya mwaka 2002 ni lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250, kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani. Kipimo hicho kinamhesabu mkazi mwenye ndoo. Hakiihesabu nyumba ya wageni yenye vyumba kumi, machinjio, mgahawa, sehemu ya kuoshea magari, wala mtambo wa kahawa. Mji mdogo unaopimwa kwa kipimo cha kijiji lazima uishiwe maji hata kama mradi wake umejengwa vizuri na kwa uaminifu.

Tofauti hiyo hulipwa na mtumiaji. Ndoo ya lita 20 ikiuzwa shilingi 50 kituoni, uniti moja ya lita 1,000 inakuwa shilingi 2,500. Kituo kikikauka na ndoo hiyo ikaletwa kwa baiskeli au bodaboda kwa shilingi 300, uniti hiyo hiyo ni shilingi 15,000. Mama lishe anayetumia ndoo kumi kwa siku ametoka kwenye gharama ya shilingi 500 na kuingia kwenye shilingi 3,000, na hawezi kuipandisha bei ya sahani ya wali kwa kiasi hicho. Wanaodai kwamba wananchi wa vijijini hawawezi kulipia maji wangeanza na hesabu hii. Wananchi wanalipa tayari, tena bei ya juu. Fedha hiyo inapita nje ya mradi.

Historia ya eneo hili inasaidia kueleza tulipofikia. Mwaka 1971 Serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji karibu na nyumba ifikapo 1991, na maji hayo yalikuwa ya bure. Mapema katika miaka ya 1980 Denmark, kupitia DANIDA, iligharimia mpango mkuu wa maji wa mikoa ya Iringa, Ruvuma na Mbeya, wakati huo Mbozi ikiwa ndani ya mkoa wa Mbeya (mkoa wa Songwe umeanzishwa mwaka 2016). Miradi iliyofuata ilipendelea maji ya mserereko, yaani chemchemi ya juu, tangi, na bomba linaloshuka bila ya pampu wala mafuta, pamoja na kamati za maji za vijiji. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa nchi ya milima. Kilichokosekana ni akiba ya kubadilishia bomba. Bomba linazeeka hata likiwa halitumii dizeli, na kamati iliyozoea kuchangisha siku linapopasuka hukuta kila mara kwamba siku hiyo fedha hazipo. Sera ya mwaka 1991 ilianza kuzungumzia uchangiaji wa gharama, na ile ya 2002 ikaukazia, lakini mazoea ya miaka ishirini hayakwisha kwa waraka.

Wako wanaosema dawa ni kumkabidhi mtu binafsi. Dar es Salaam ilijaribu. Kampuni ya City Water ilianza kazi Agosti 2003 na mkataba wake ukavunjwa na Serikali katikati ya mwaka 2005. Ikiwa mji mkubwa kuliko yote nchini ulishindwa kumfanya mwekezaji atoe huduma na kulipa kilichoandikwa, mji wa kahawa wenye wateja wachache na bomba refu hauna cha kumvutia. Mfano unaofaa zaidi uko Nyeri, mji wa kahawa na chai chini ya Mlima Kenya. Huko, kama ilivyokuwa Eldoret na Kericho, kampuni ya maji iliundwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa msaada wa Wajerumani ikabaki mali ya serikali ya mji. Jambo lililobadilika ni kwamba mapato ya maji yalitengwa, hayakuruhusiwa tena kuchotwa kulipia mishahara ya idara nyingine. Nyeri imekuwa ikishika nafasi za juu mara kwa mara katika taarifa za msimamizi wa huduma za maji wa Kenya. Nyeri ni mji mkubwa kuliko Igamba mara nyingi, na hakuna haja ya kuiga ofisi zake. Kinachofaa kuigwa ni ule ukuta kati ya sanduku la maji na masanduku mengine.

Igamba haina sababu ya kusubiri mabadiliko ya sheria ili kuanza. Halmashauri na RUWASA wanaweza kukaa meza moja na ramani moja, kwa kanuni rahisi kwamba hakuna viwanja vya biashara vinavyouzwa kabla mwenye maji hajaandika vitapata lita ngapi na kutoka chanzo kipi. Bei ya kiwanja chenye maji ni kubwa kuliko ya kiwanja kikavu, na tofauti hiyo ni fedha halali ya kulaza bomba. Hivi sasa tofauti hiyo inakwenda kwa anayenunua kiwanja mapema na kukiuza baadaye.

Kwa upande wa ukusanyaji, ni jambo la kushangaza kwamba vyombo vya maji vinadai ada sawa kila mwezi katika uchumi unaopata fedha mara moja kwa mwaka. Mkulima wa kahawa ana fedha kati ya Agosti na Desemba. Mwezi Machi hana. Tangu msimu wa 2018/19 kahawa ya wakulima wadogo imepitia vyama vya ushirika vya msingi, na malipo yanapita benki. Mkulima anayetaka kuunganishiwa bomba la nyumbani angeweza kuridhia, kwa hiari na kwa maandishi, gharama hiyo ikatwe katika malipo ya kahawa. Hapa lazima tahadhari itolewe. Wakulima wa nchi hii wana kumbukumbu chungu za makato ya ushirika yasiyoelezeka, na kato lolote jipya lisilo na stakabadhi litaua mpango siku ya kwanza. Neno hiari lina maana yake.

Mitambo ya kumenya kahawa nayo ilipie maji kama biashara, siyo kama kaya. Mingi ya zamani inatumia maji mengi kwa kila kilo, wakati ziko mashine zinazotumia sehemu ndogo tu ya maji hayo. Anayelipa bei ya ndoo ya kijiji hana sababu ya kununua mashine mpya. Tena maji machafu ya kahawa yana sukari na tindikali. Yakiachiwa mtoni huwafikia wa bondeni yakiwa na harufu na bila ya hewa ya kutosha kwa samaki. Chama kinachopata bei nzuri ya soko kwa kahawa iliyooshwa kinaweza kuchimba mabwawa ya kutuliza maji hayo.

Halafu kuna chanzo chenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za binadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Kwa bei za sasa mita hizo 60 zina thamani, na mwenye jembe anaziona kuwa shamba la bure. Milingoti iliyopandwa karibu na chemchemi hufyonza maji, na bustani za mabondeni huleta mbolea na dawa ndani ya tangi. Mgambo wa kufukuza watu msimu mmoja haujasaidia popote. Halmashauri inayopata shilingi 30,000 kwa kila milioni ya kahawa inaweza kutenga sehemu ndogo ya fedha hizo kupima mipaka ya vyanzo, kuweka nguzo, na kuwafidia wachache wanaostahili. Bila maji hakuna kahawa ya kuoshwa, na bila kahawa ushuru wenyewe utatoka wapi?

Wakulima watauliza kwa nini walipe tena wakati mnunuzi anakatwa ushuru na kila lita ya petroli na dizeli ina tozo ya shilingi 50 kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Maji. Swali hilo ni la haki, na bodaboda wa Igamba ana haki ya kuliuliza kuliko wengi. Jibu pekee litakaloaminika ni hesabu iliyobandikwa ukutani kwenye kituo cha maji kila mwezi: ndoo zilizouzwa, umeme uliolipwa, fundi aliyelipwa, akiba iliyobaki benki. Chombo cha maji kisichoweza kuandika mistari hiyo minne hakistahili kupandisha bei hata kwa shilingi 10.

Bajeti za halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1, na RUWASA hufuata kalenda hiyo hiyo. Ikiwa meneja wa maji na ofisa mipango hawatakuwa wamelinganisha takwimu zao kufikia Februari, tarehe 1 Julai itakuta mashine za kumenya zimekwisha kuwashwa na kina cha matangi kinashuka.