Tuliwacheka Dakeli Mapema Mno

Mwezi uliopita padre mmoja wa jimbo letu, anayefanya utume nchini Ujerumani, alikuwa likizo akaja kula nasi chakula cha jioni. Katika mazungumzo akatusimulia habari za jirani yake huko, mama mjane, muumini wa parokia, ambaye hupokea mbwa waliokosa makao. Hukaa nao wiki kadhaa, pengine miezi, kisha huwakabidhi kwa familia itakayowachukua moja kwa moja. Mbwa wenyewe ni wa aina ya dachshund, ambao Wajerumani wamezoea kuwaita Dackel. Nasi hapa tutawaita dakeli. Meza nzima ilicheka. Frateri mmoja akauliza kama nao hupewa mlezi wa kiroho. Padre alicheka pamoja nasi, akaendelea kusimulia, na polepole tukanyamaza.

Kwa asiyemfahamu, dakeli ni mbwa mwenye mwili mrefu na miguu mifupi sana, kana kwamba kiwiliwili cha mbwa mmoja kimewekewa miguu ya mwingine. Jina lake limetokana na dachs, mnyama wa shimoni anayefanana kiasi na nyegere wetu. Wawindaji walitaka mbwa wa kuingia katika shimo la mnyama huyo na kumkabili humo humo gizani, akibweka kwa nguvu ili walioko juu wajue alipo. Ndiyo sababu ana sauti kubwa kuliko umbo lake, na ndiyo sababu ni mkaidi: aliyezaliwa kwa kazi ya kujiamulia mwenyewe chini ya ardhi hasubiri amri. Wajerumani wanampenda mno. Chama chao cha wafugaji wa dakeli kilianzishwa mwaka 1888, na michezo ya Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972 ilikuwa na dakeli wa rangi nyingi, Waldi, kama kinyago chake cha bahati.

Lakini umbo hilo lina gharama. Diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo wa dakeli huchakaa mapema, na moja ikichomoza hubana neva. Mbwa anaweza kupooza miguu ya nyuma. Kuruka kutoka kwenye kochi au kushuka ngazi kila siku si jambo dogo kwake. Na hapa tunasimama kidogo, maana umbo hilo halikujitokea tu. Ni binadamu aliyechagua, kizazi baada ya kizazi, nani azae na nani. Tunapofundishwa kwamba Mungu alimpa mtu mamlaka juu ya viumbe, tuwe tayari pia kuulizwa juu ya viumbe tuliowafinyanga kwa faida yetu, kisha tukachoka nao.

Aliyekuwa kwa yule mama siku hizo ni dume wa miaka tisa. Mwenye mbwa, mzee aliyeishi peke yake, alihamia nyumba ya wazee ambako mbwa hawaruhusiwi. Siku za kwanza dakeli alijificha chini ya kabati. Hakula mbele ya watu, alikojoa ndani ingawa alikuwa amefundishwa, akabweka kila lifti ilipopanda. Mama hakumvuta wala hakumbembeleza. Alimwekea chakula saa zile zile kila siku, akatandika blanketi kwenye kona isiyo na kelele, akaziba njia ya ngazi kwa ubao, akakaa sakafuni akisoma gazeti. Siku ya tano mbwa alitoka, akaingia chini ya blanketi mpaka kichwa, kama wafanyavyo dakeli, akalala ubavuni pa mguu wake.

Tangu hapo kazi yake ikawa kutazama na kuandika. Je, mbwa anavumilia watoto? Anaweza kuachwa peke yake saa ngapi? Anaogopa nini? Kituo cha kuhifadhi wanyama, chenye vizimba na kelele, hakiwezi kuyajua hayo. Mbwa anayeonekana mkali kizimbani huenda ana hofu tu. Akipatikana wa kumchukua, mtu hutumwa kwanza kuitazama nyumba: ina ngazi ngapi, uzio ukoje, nani anashinda nyumbani. Wageni huja mara mbili tatu. Kisha mkataba hutiwa saini, na kwa kawaida una sharti kwamba wakishindwa wamrudishe, wasimpe mtu mwingine. Yule mama amekwisha kukabidhi wengi. Hulia kila mara, alisema padre, na baada ya wiki mbili humpokea mwingine.

Tukabishana, kama ilivyo desturi ya darasa la falsafa. Wa kwanza aliita habari hiyo anasa ya nchi tajiri, akatukumbusha katekesi ya Papa Fransisko ya tarehe 5 Januari 2022, alipowasikitikia wenzi wanaokataa watoto huku wakifuga mbwa wawili na paka wawili. Alikumbuka vizuri. Ila alisahau kwamba katekesi hiyo ilimhusu Mtakatifu Yosefu, baba mlishi wa Yesu, na kwamba humo humo Papa alisifu kuasili mtoto kuwa miongoni mwa namna za juu kabisa za upendo. Hoja ya Papa ni juu ya anayeuweka mnyama mahali pa mtoto aliyemkataa. Mjane wa miaka sabini na kitu hajamkataa mtoto yeyote.

Katekisimu, namba 2418, inashika pande zote: kuwatesa wanyama bila sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu; kuwatumilia fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza shida za watu hakufai; kuwapenda kunaruhusiwa, lakini wasipewe upendo uliowastahili watu peke yao. Sisi tunaona upande wa pili ni mzito kuliko wengi wanavyopenda kukiri. Upasuaji wa mgongo wa dakeli hugharimu maelfu ya yuro. Tulipomwuliza padre, alisema hajui angemshauri nini mama huyo siku hiyo ikifika. Wengi wetu tulisema kwamba kwa mbwa mzee angepaswa kukubali dawa za maumivu na kifo chema. Wawili walikataa, na bado wanakataa. Lakini bakuli la chakula, blanketi na ubao wa kuziba ngazi havimnyang'anyi maskini yeyote mkate.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatusaidia zaidi ya Kant. Kant alimtaja mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu hadi akazeeka, akasema anayempiga risasi kwa kuwa hafai tena anauharibu utu wake mwenyewe. Ni kweli, ila mbwa hapo amekuwa kama kioo cha kujitazamia. Tomaso anakubali kwamba hatuwezi kuwa na urafiki kamili na kiumbe kisicho na akili. Hata hivyo, anasema, twaweza kumpenda kwa mapendo ya Kimungu, kwa kumtakia adumu kwa utukufu wa Mungu na kwa manufaa ya watu. (Sheria ya kiraia ya Ujerumani nayo, tangu 1990, inatamka kwamba wanyama si vitu, kisha papo hapo inasema kanuni za vitu zitatumika kwao kadiri inavyofaa. Mwalimu wetu wa mantiki alitabasamu.)

Manufaa ya watu: hapo ndipo kicheko chetu kilipokwisha kabisa. Padre huyo ndiye anayempelekea Komunyo yule mzee kila Ijumaa. Mzee haulizii habari za parokia. Huuliza kama mbwa amekula. Padre huchukua simu na kumwonyesha picha alizotumiwa na mama, na baada ya hapo ndipo mzee hukubali kusali. Tulikuwa tumedhani mama anamlea mbwa. Kumbe anamtunzia mgonjwa amani yake, tena kwa mlango ambao hakuna katekista angewahi kuufikiria.

Nasi tunaotamani upadre tulipaswa kuwa wa mwisho kucheka. Paroko hupokea parokia asiyoichagua, hujifunza majina, hofu na ukaidi wa watu wake, na siku barua ya askofu inapofika huikabidhi kwa mwingine pamoja na yote aliyoyajua. Tumewaona mapadre waliong'ang'ania, na tumewaona waliojilinda kwa kutompenda mtu tangu mwanzo. Yule mama anapenda kwa moyo wote akijua tarehe ya kuachia inakuja. Jambo hilo hatujafundishwa darasani, wala hatuna hakika kama linafundishika.

Baada ya padre kuondoka, wanne kati yetu tulikwenda getini. Tuna mbwa wawili pale, mchana wamefungwa mnyororo, usiku huachiwa walinde. Hula makombo ya jikoni. Tulimwuliza mlinzi wanakula nini tunapokwenda likizo na jiko kufungwa. Hatukuwahi kuuliza kwa miaka yote hiyo. Alitutazama, akasema huwa anagawana nao ugali wake. Tumemwandikia baba gombera tukiomba mafrateri watakaobaki wapewe zamu ya kuwalisha, na daktari wa mifugo aje kuwachanja dhidi ya kichaa cha mbwa. Tunasubiri jibu.

Juzi padre ametuandikia. Mume na mke wa mji jirani wamekuja kumwona dakeli kwa mara ya pili. Wanaishi nyumba ya chini, isiyo na ngazi. Jumamosi watarudi, na mama ataamua. Mzee ameomba waambiwe kwamba mbwa wake hulala akiwa amefunikwa kichwa.