Joto la Hospitali na Uzito wa Gunia

Wanachama wetu katika maghala na yadi za mizigo hapa Uganda wamekuwa wakituletea lalamiko moja. Mpakizi akishikwa na mgongo hupelekwa zahanati, hulazwa kifudifudi, huwekewa mfuko wa moto kwa dakika 20, kisha hurudishwa kwenye gunia siku ile ile. Katika daftari la mwajiri huandikwa kwamba ametibiwa. Sisi tunasema hajatibiwa. Ametayarishwa kwa matibabu, na matibabu yenyewe hayakuja.

Hatusemi haya kwa kudharau joto. Mama zetu walijua kukanda kwa maji moto kabla ya zahanati hizi kujengwa, na wataalamu wa tiba ya viungo wanakubali kwamba walikuwa na sababu. Joto likiingia mwilini, mishipa ya damu hutanuka na damu hufika kwa wingi zaidi mahali penye maumivu. Misuli iliyokaza hulegea. Mishipa ya fahamu iliyo katika ngozi hupeleka habari ya joto kwenye uti wa mgongo, na habari hiyo hupunguza nguvu ya habari ya maumivu. Wataalamu wengi hueleza jambo hili kwa mfano wa lango, uliotolewa na Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka 1965. Tena kano na nyama zinazoshika viungo, zikipata joto la kutosha, huvutika kwa urahisi kuliko zikiwa baridi. Faida kubwa iko hapo. Kwa muda mfupi baada ya kukandwa, mwili hukubali kunyooshwa na kuzoezwa, na mtaalamu anayejua kazi yake huutumia muda huo mara moja, kabla mwili haujapoa.

Sasa mpakizi wetu anautumia muda huo kwa kazi gani? Anaupeleka ghalani. Maumivu yamepungua, basi anainama na kubeba kama jana, hali kilichomuumiza bado kipo. Maumivu ni mlinzi wa mwili, na mlinzi huyo amelazwa usingizi ili shehena iondoke kwa wakati.

Inafaa pia tujue kiasi cha joto lenyewe. Mifuko ya hospitali hukaa katika maji ya nyuzi 70 hadi 75 hivi za Selsiasi, na huzungushiwa taulo tabaka kadhaa kabla ya kumgusa mgonjwa. Joto lake huingia sentimita moja au mbili tu. Kuna mitambo ya mawimbi mafupi inayofika ndani zaidi, lakini haiwekwi kwa mtu mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, na wenye vyuma mwilini nao huepushwa nayo. Zile dawa za kuchua zinazouzwa sokoni, ambazo ngozi huwaka kama imepakwa pilipili, zinaweza kumpa mtu nafuu, ila mwako ule si joto lililoingia kwenye msuli.

Wako pia wasiofaa kukandwa. Kifundo kilichoteguka leo na kuvimba kisipewe joto, maana damu ikizidi na uvimbe huzidi. Siku mbili tatu za kwanza ni za kupumzisha na kupoza. Mwenye ganzi, kwa kisukari au kwa ukoma, anaweza kuungua asijue. Mfuko wa moto ukiwekwa na mtu asiyeuliza maswali hayo, mfanyakazi hutoka na majeraha mawili badala ya moja.

Utafiti nao hauko upande wa waajiri katika jambo hili. Mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba joto hupunguza kidogo, na kwa muda mfupi, maumivu ya kiuno ambayo hayajawa sugu, na kwamba mazoezi yakiongezwa nafuu huwa kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 juu ya maumivu sugu ya kiuno, limeweka mazoezi na mafunzo kwa mgonjwa miongoni mwa matibabu linayoyapendekeza. Mazoezi yanahitaji majuma, na majuma ni siku za kazi. Hapo ndipo tajiri anapokunja uso.

Halafu liko gunia lenyewe. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linasema kwamba pale ambapo mtu mzima mwanamume huruhusiwa kubeba mzigo unaozidi kilo 55, hatua zichukuliwe upesi kuushusha hadi kiasi hicho. Gunia la kahawa inayokwenda nje ni kilo 60. La mahindi mara nyingi hufika 100. Ni mfuko gani wa moto utakaoshindana na hesabu hiyo?

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtwika mwajiri gharama za haki za matibabu ya mfanyakazi aliyeumia kazini. Matibabu hayo tusikubali yahesabiwe kwa dakika 20. Tunadai aliyeumia aonwe na mtaalamu wa viungo, amalize mazoezi aliyopangiwa, na apewe kazi nyepesi kwa mshahara ule ule hadi mtaalamu huyo, wala si msimamizi wa ghala, aseme yu tayari. Tunadai pia magari ya kusukuma mizigo, na watu wawili kwa kila gunia linalozidi kilo 55.

Matawi yenye mazungumzo ya mkataba mwaka huu yaweke madai haya mezani kabla ya kifungu cha mishahara, kwa sababu kifungu hicho kikishafunguliwa hula kikao chote.