Ukubwa wa Sauti Usifundishwe kwa Kukariri

Katika madarasa mengi, somo la ukubwa wa sauti huwa ni sentensi moja tu: sauti yaweza kuwa kubwa au ndogo. Wanafunzi huinakili, huikariri, na somo huishia hapo. Sisi twaona kwamba njia hiyo haitoshi. Yaficha jambo ambalo mtoto aweza kuligundua mwenyewe: ukubwa wa sauti hubadilika kadiri sauti inavyoendelea, na mabadiliko hayo hutusaidia sana kutambua kitu kinacholia.

Kipo chombo kinacholidhihirisha jambo hili. Mwaka 1964, huko Marekani, Robert Moog, akishirikiana na mtunzi wa muziki Herbert Deutsch, alianza kuunda sinthesaiza ya moduli, yaani vipande vinavyounganishwa kwa nyaya, kila kimoja na kazi yake. Moduli moja hutoa sauti mfululizo, isiyopanda wala kushuka. Ya pili, amplifaya, hufanya kazi ya mlango: volteji inayoiongoza ikiwa sifuri, mlango hufungwa na hakuna kinachosikika, volteji ikipanda, mlango hufunguka na sauti huongezeka. Moduli nyingine hutoa volteji hiyo, aghalabu kwa hatua nne: kupanda, kushuka kidogo, kudumu, na kufifia. Volteji ikipanda ghafla na kufifia upesi, twasikia mfano wa kitu kilichogongwa, kama marimba. Ikipanda taratibu na kudumu, twasikia mfano wa kitu kinachopulizwa, kama filimbi.

Huenda mwanachuo akauliza: shule ya kijijini itakipata wapi chombo hicho? Hakihitajiki. Atwae redio ya kawaida yenye kitufe cha kuzungusha, aiweke mahali pasipo na stesheni ili itoe mvumo mtupu. Wanafunzi wafumbe macho. Mmoja wao aongeze sauti ghafla na kuipunguza papo hapo: wenzake watasikia kama pigo. Kisha aiongeze na kuipunguza polepole: watasikia kama wimbi la bahari. Mvumo ni ule ule. Kilichobadilika ni mwendo wa mkono. Redio imekuwa chanzo cha sauti, kitufe kimeongoza amplifaya iliyomo ndani yake, na mkono umeshika nafasi ya volteji.

Baada ya hapo wanafunzi waeleze walichosikia, na wachore ubaoni mstari unaopanda na kushuka kama sauti ile. Maneno ya kitaalamu yaje mwisho, yakiwa majina ya mambo wanayoyafahamu tayari.

Hatukani kwamba vifaa ni haba katika shule zetu. Lakini uhaba huo usiwe kisingizio cha kuanza somo kwa ufafanuzi. Mtoto aliyepewa jibu kabla hajasikia chochote amenyimwa nafasi ya kufikiri, na nafasi hiyo mwalimu aweza kumpa hata kwa redio moja kuukuu.