Mwanga Upenyao Fuvu

Miongoni mwa majeraha yampatayo mwanadamu, jeraha la kichwa lina hila kuliko yote. Mguu ukivunjika, mwenyewe hupiga kelele. Damu ikivuja ndani ya fuvu, yaweza kunyamaza kwa saa nyingi. Kijana huanguka na boda boda katika Barabara ya Naivasha kule Kawangware, akainuka, akajipangusa vumbi, akacheka na wenzake, akaenda zake nyumbani. Usiku kichwa humwuma, akatapika, akasinzia. Majirani husema, "Mwacheni apumzike." Kumbe mshipa uliopasuka ungali ukimwaga damu, nayo, kwa kuwa haina pa kutokea, huusonga ubongo. Neno lile la majirani ni la upole, msomaji, lakini limezika watu.

Tiba ni kuitoa damu hiyo mapema, na haitolewi mpaka ijulikane kuwa ipo. Huonwa kwa skani ya CT, mashine kubwa ya eksirei ipigayo picha za kichwa tabaka kwa tabaka. Utaniambia kwamba Hospitali ya Taifa ya Kenyatta i jirani ya Kibera. Ni kweli, katika ramani. Lakini usiku wa mvua majeruhi wa Gatwekera hutolewa kwa mgongo au kwa mkokoteni, katika vichochoro visivyopitisha gari. Kisha itafutwe nauli, kisha ingojewe zamu. Nani ataingia taabu hiyo kwa ajili ya mtu asemaye, "Mimi mzima"?

Sasa kipo chombo kidogo cha kushika mkononi. Weka tochi nyuma ya vidole vyako gizani, utaona nyama inang'aa nyekundu, maana mwanga mwekundu hupenya mwili kuliko rangi nyingine. Jirani ya wekundu huo upo mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, nao hupenya hata fuvu. Chombo hutuma mwanga wa mawimbi ya nanomita 808 upande mmoja wa kichwa, kisha upande wa pili mahali palepale, kikapima urudio. Himoglobini ya damu huumeza mwanga huo. Basi penye damu iliyokusanyika, mwanga hurudi haba. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Britton Chance wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ni mmoja wa walioianzisha njia hii, na Marekani iliruhusu chombo chake kiuzwe mwaka 2011. Baadaye jeshi lake nalo likakichukua.

Wapo wasemao kuwa hiyo ni anasa kwa mitaa yenye shida ya maji na vyoo. Hoja hii naiona imesimama kichwa chini. Askari alipewa chombo kwa sababu yuko mbali na skani. Tajiri, ambaye hospitali yake ina skani ghorofa ya chini, atakitumia wapi? Mhitaji ni muuguzi wa zahanati ya Kibera, mwenye tochi tu ya kutazamia mboni za macho. Na mboni zinapotanuka, ubongo umekwisha songwa.

Wapo pia wanaokisifu mno, nao nawaogopa zaidi. Chombo hiki hakioni damu iliyo ndani kupita sentimita 2.5 hivi, wala matone madogo. Na damu ikilingana pande mbili, chaweza kudanganyika. Aliyezimia apelekwe hospitali, chombo kiseme kitakalosema. Tena nywele nyeusi zilizosongamana humeza mwanga. Kumbuka kipima oksijeni cha kidoleni: mwaka 2020 uchunguzi wa Marekani ulionyesha kwamba kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe, na chombo hicho kilikuwa kimetumika kwa miongo kadhaa. Nani atatudhamini kuwa hiki kipya hakitarudia dhambi ile?

Basi kisinunuliwe kwa sifa, wala kisikataliwe kwa dharau. Kijaribiwe juu ya vichwa vyetu. Zahanati mbili zatosha kuanza, moja Kibera na moja Kawangware. Kila majeruhi wa kichwa apimwe kwa mwanga, kisha apelekwe Kenyatta kwa skani bila malipo, hata anayesema ni mzima. Na majibu yote mawili yaandikwe katika daftari moja, ambalo mwananchi yeyote aweza kulisoma.