Mkopo upo, cheti hakuna: hesabu ya mtoto wa mkulima Dodoma

Kila mwaka majina ya waliopata mkopo yakitoka mjadala unakuwa uleule, nani kapata nani kakosa. Leo naomba tuwaangalie wale waliopata, maana huku Dodoma nao wanakwama, tena wengine wakiwa mwaka wa mwisho kabisa.

Historia kidogo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kikafunguliwa pale Chimwaga, kwenye ukumbi uleule ambao CCM iliwateua Mkapa 1995 na Kikwete 2005. Mwaka huohuo St. John's nacho kikaanza ilipokuwa Mazengo sekondari. Ghafla mtoto wa Bahi au Chamwino akawa anakiona chuo kikuu akiwa kwenye basi. Kukiona sawa, ila kuingia na kutoka na cheti ni habari nyingine.

Watu wengi wanadhani ukipata mkopo umemaliza. Wapi! Mkopo una mafungu yake: chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo, ada na kadhalika. Ya ada inaenda chuoni moja kwa moja, na wengi hawapewi yote, wanapewa asilimia kutegemea Bodi imekuona una uwezo kiasi gani. Ya chakula na malazi ndiyo hilo bumu lenyewe. Lilikuwa sh 8,500 kwa siku, mwaka 2022 likapandishwa kuwa 10,000. Kwa siku 60 ni laki 6, na hapo ndipo mtego ulipo.

Chukulia mfano tu: ada ni milioni 1 na laki 2, mtu kapewa nusu. Laki 6 zilizobaki atafute nyumbani, kila mwaka. Sasa nyumbani kwenyewe ndiyo hivi: huku kwetu mvua ni msimu mmoja. Watu wanapanda Desemba, wanavuna kuanzia Mei, mtama, uwele, karanga, alizeti. Chuo kinafunguliwa Oktoba au Novemba, wakati ghala linaelekea kuisha na mzee anawaza mbegu. Mwenye zabibu ana nafuu kidogo kwa sababu anavuna mara 2 kwa mwaka, lakini si kila mtu ana zabibu. Kwa hiyo mkulima anadaiwa hela kubwa kuliko zote katika miezi ambayo hana kitu kabisa. Sijawahi kumsikia mbunge yeyote akiliongelea hili, wote wanaongelea bajeti.

Na kweli bajeti imepanda, tusinyime watu haki yao. Ilikuwa bilioni 464 mwaka 2020/21, ikawa 570 mwaka uliofuata, kisha 654 mwaka 2022/23. Mwaka 2021 Rais Samia aliifuta ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inafanya deni lisiishe. Hayo yanamsaidia aliyekwisha kuhitimu na kupata ajira, akakatwa asilimia 15 ya mshahara. Aliye mwaka wa 2 na anadaiwa ada yamemfikia kidogo.

Anachofanya huyo ni kulipa ada kwa bumu. Anapiga pasi ndefu, anakula mara moja kwa siku, anabebana na mwenzake chumba kimoja. Vyumba vya mtaani navyo tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016 havishikiki, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Mwaka wa kwanza anapita hivyo, wa pili anapita, deni linabebwa mbele. Mwaka wa tatu limekuwa kubwa kuliko bumu lenyewe. Hapo ndipo unasikia hakuna ada hakuna mtihani, au mtu kafanya mtihani, kafaulu, ila cheti hapewi mpaka fomu ya kuzunguka ofisini isainiwe kwamba hadaiwi.

Mimi nimeishia fomu siksi, siandiki kama msomi. Lakini nimewajazia watu fomu za mkopo kwenye steshenari hapa mjini misimu kadhaa, na nilichoona ni kwamba umaskini lazima uwe na karatasi. Baba kafia kijijini, hakuna aliyefuata cheti cha kifo, basi kwenye mfumo baba yupo. Mwingine kasomeshwa shule ya kulipia na parokia. Asipokuwa na barua ya kuthibitisha ufadhili, anaonekana katoka kwa matajiri. Hao ndio wanaopewa asilimia ndogo ya ada, halafu tunashangaa kwa nini hawamalizi.

Marekani kuna vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya watu weusi enzi walipokuwa wanazuiwa kwingine, na wanafunzi wake wengi hadi leo wanatoka familia zisizo na akiba. Kimojawapo, Wilberforce cha Ohio, mwaka 2021 kilifuta madeni ambayo wahitimu wa 2020 na 2021 walikuwa wanadaiwa na chuo. Jumla ilikuwa dola 375,000 na kidogo. Ni hela, sikatai, ila kwa darasa la miaka 2 mizima ni ndogo kuliko nilivyotegemea. Deni linalomzuia mtu wa mwaka wa mwisho mara nyingi si mamilioni, ni kipande kilichobaki. Hata hapa ukitengwa mfuko wa vipande hivyo tu, pamoja na ruhusa ya kulipa ada Juni baada ya mavuno, tungeokoa watu ambao serikali imeshawakopesha miaka 3. Kwa sasa serikali inamkopesha mtu, anasoma, anafaulu, cheti kinakaa kabatini, hapati kazi, mkopo haurudi. Nani kafaidika hapo?

Wenye data za vyuo vya Dodoma, hasa mliopo ofisi za wahasibu, tupeni: ni vyeti vingapi vimekaa kabatini kwa sababu ya ada, na kwa madeni ya kiasi gani? Majina wekeni kapuni.